Miaka Sita ya Lucinda Williams

Habari ya Car Wheels on a Gravel Road, albamu ya mwimbaji na mtunzi wa Marekani Lucinda Williams, husimuliwa hivi kila mara: palikuwa na mwanamke mgumu, asiyeridhika na chochote, aliyewachosha watayarishaji mmoja baada ya mwingine, akaifanya kazi ya miezi iwe ya miaka. Kisha albamu ikatoka, ikasifiwa kila kona, na usumbufu wake wote ukasamehewa. Nimeisoma hadithi hiyo mara nyingi, na kila nikirudi kuisikiliza albamu yenyewe naona haikai sawa. Wanasema alitaka kila kitu kiwe kamili. Masikio yangu yananiambia alikuwa akikimbia ukamilifu: alipewa nyimbo zilizopigwa vizuri, safi, zisizo na kosa, akasikia kwamba mtu anayeimba ndani yake si yeye. Alijua anachokitaka. Taabu ilikuwa kwamba wenzake walikuwa wamesharidhika.

Albamu yenyewe ilitoka tarehe 30 Juni 1998. Ina nyimbo 13, na yote haifiki saa moja. Ukiiweka bila kujua historia yake utadhani ni marafiki waliokutana alasiri moja wakaamua kurekodi. Ngoma inatembea bila pupa, magitaa mawili matatu yanajibizana, akodioni inaingia na kutoka. Juu ya yote kuna sauti ya mwanamke yenye mikwaruzo, inayovuta maneno mpaka mwisho wake na wakati mwingine kuyaachia kabla hayajaisha. Hakuna mahali utakaposikia jasho. Na hii ndiyo albamu iliyorekodiwa karibu yote, ikawekwa kando, ikarekodiwa upya katika mji mwingine, ikamaliziwa katika mji wa tatu, kisha ikasubiri kampuni ya kuitoa. Albamu yake iliyotangulia, Sweet Old World, ilikuwa ya mwaka 1992.

Kwetu Kenya kantri si mgeni. Nimekua nyumba ambayo Jumapili asubuhi redio ilikuwa ya Jim Reeves, Skeeter Davis, Don Williams, Kenny Rogers na Dolly Parton, na mama alizijua nyimbo hizo sawasawa na za kanisani. Lucinda Williams hakuwamo. Nilimfahamu kwa binamu yangu aliyekuwa akiishi Texas, aliyeniletea diski alipokuja likizo ya Krismasi, na nilipomuuliza huyu anaimba muziki gani alishindwa kunijibu. Sasa najua si yeye peke yake aliyeshindwa. Miaka ya themanini, kampuni moja kubwa ya muziki ilimlipia Lucinda arekodi nyimbo za majaribio. Mwenyewe amesimulia mara nyingi yaliyotokea: ofisi ya Los Angeles ikasema ni kantri mno kwa soko la roki, ofisi ya Nashville, kitovu cha biashara ya kantri, ikasema ni roki mno kwa soko la kantri. Akaachwa njiani. Aliyekuja kumsaini ni Rough Trade, lebo ya Uingereza iliyojulikana kwa muziki wa panki, watu ambao hawakuwa na kantri yoyote ya kulinda. Ndio waliotoa albamu yake ya 1988, yenye jina lake tu juu ya jalada.

Katika albamu hiyo ya 1988 kuna wimbo Passionate Kisses. Mwimbaji wa kantri Mary Chapin Carpenter akaja kuuimba upya, na mwaka 1994 Lucinda akapata Grammy ya wimbo bora wa kantri kama mtunzi. Yaani alipewa tuzo ya kantri kwa wimbo ambao Nashville ilikuwa tayari kuusikia kwenye sauti nyingine yoyote ila yake. Nalitaja hili kwa sababu linaeleza masikio aliyoingia nayo studioni. Ukishaona wimbo wako mwenyewe unapendwa ukiwa umelainishwa, utakuwa mwangalifu sana na mtu yeyote anayekuja kukulainisha.

Kazi ilianza Austin, Texas, mwaka 1995, na mtayarishaji alikuwa Gurf Morlix. Morlix alikuwa mpiga gitaa wake na mshirika wake wa karibu kwa takriban muongo mzima, ndiye aliyekuwa naye kwenye albamu mbili zilizotangulia. Walirekodi karibu albamu nzima. Wakati huohuo Lucinda alialikwa kuimba kwenye wimbo mmoja wa albamu ya mwimbaji na mtunzi mwenzake Steve Earle, I Feel Alright, iliyotoka 1996. Akasikia sauti yake ilivyotoka huko, kisha akarudi kusikiliza kanda za Austin, na basi. Hakuweza tena kuzivumilia.

Hapa inafaa nisimame kidogo, kwa kuwa watu wengi hulipita jambo hili haraka. Earle alikuwa akifanya kazi na Ray Kennedy, fundi wa sauti wa Nashville anayependa mitambo ya zamani. Kuna mtambo studioni ambao kazi yake ni kushusha sauti inapopanda na kuipandisha inaponyong'onyea. Ukitumiwa kwa woga, husikii tofauti. Ukitumiwa kwa ujasiri, hasa ile mitambo ya zamani, mambo madogo ya mwimbaji yanasogea mbele: pumzi kabla ya neno, mate, herufi ya mwisho inayofia kooni. Kwa mwimbaji mwenye sauti nyororo hilo linaweza kuwa hasara. Kwa Lucinda ndiko nyimbo zilikokuwa. Yeye hapandi juu wala hafanyi madoido. Maana yake yote iko pale sauti inapokatika. Ukiisafisha ile mikwaruzo, unabaki na mwanamke anayeimba maneno mazuri kwa sauti ya kawaida. Nadhani ndicho alichokisikia kwenye kanda za Austin, na ndiyo sababu hakuna aliyeweza kumtuliza kwa kumwambia kwamba zimepigwa vizuri. Kupigwa vizuri hakukuwa na ubishi.

Basi wakahamia Nashville, kwa Earle na Kennedy, wazo la kwanza likiwa kurekebisha nyimbo chache. Kazi ikageuka kuwa kurekodi upya. Morlix alikuja kama mpiga gitaa kwenye mradi ambao ulikuwa wake, na sihitaji kueleza hali ilivyokuwa. Aliondoka. Ushirikiano ule uliisha kwa uchungu, na katika hesabu ya gharama za albamu hii mimi hiyo naiweka ya kwanza, mbele ya pesa na mbele ya muda. Earle naye ni mtu wa kufanya kazi upesi, anayeamini mara ya kwanza au ya pili, na Lucinda ni mtu wa kulala na wimbo na kuamka nao. Waligongana. Earle alikuwa na ratiba zake nyingine, akaondoka kazi ikiwa haijakamilika. Umaliziaji ukafanyika California, studio ya Rumbo huko Canoga Park, mbele ya Roy Bittan, mpiga kinanda wa bendi ya nyota wa roki Bruce Springsteen, aliyeongeza akodioni na ogani na kusimamia vipande vilivyobaki. Orodha ya walioshiriki inachosha kuisoma yote, ila wawili siwapiti: Emmylou Harris, anayeitikia kwenye Greenville kwa upole unaoumiza, na Jim Lauderdale, ambaye sauti yake iko nyuma ya Lucinda karibu kila unapogeuka.

Kisha lebo. American Recordings ya Rick Rubin, iliyokuwa imemsaini, ilikuwa katikati ya mabadiliko ya usambazaji wake, na albamu iliyokwisha ikakaa. Mwishowe Mercury ikainunua. Muda huo uliopotea hauna uhusiano wowote na ugumu wa Lucinda, lakini katika masimulizi umehesabiwa juu ya kichwa chake pamoja na mwingine wote.

Septemba 1997, kabla umma haujasikia hata noti moja, jarida la gazeti la New York Times lilichapisha makala ndefu iliyomwonyesha studioni akihangaika na vipande vya sauti, akirudia, akitilia shaka. Picha hiyo ikaganda. Mpaka leo ukitaja albamu hii mbele ya mtu anayefuatilia muziki wa Marekani, neno la pili litakuwa kuhusu kuchelewa kwake. Lucinda amelalamika hadharani kwamba wanaume wakifanya hivyohivyo hawaitwi vichaa, na nakubaliana naye bila kusita. Tena mfano ulikuwa mlemle chumbani. Roy Bittan alijiunga na bendi ya Springsteen mwaka 1974, wakati wa kutengeneza albamu ya Born to Run. Wimbo wenye jina hilo peke yake ulichukua miezi sita, na albamu nzima zaidi ya mwaka, huku Springsteen akirudia na kutupa na kurudia tena mpaka wenzake wakachoka. Soma yaliyoandikwa kuhusu hilo: ni kijana aliyejaliwa, mwenye maono makubwa, anayepambana na wimbo hadi aushinde. Soma yaliyoandikwa kuhusu Lucinda, aliyekuwa na miaka arobaini na kitu na albamu nne nyuma yake: mwanamke asiyejiamini. Tabia ni ileile moja.

Sasa nyimbo zenyewe, maana ndizo zinazotetea ile miaka.

Lucinda alizaliwa Lake Charles, Louisiana, tarehe 26 Januari 1953. Baba yake, Miller Williams, alikuwa mshairi na mwalimu wa vyuo vikuu. Ndiye aliyesoma shairi Januari 1997 Bill Clinton alipoapishwa kwa muhula wa pili. Lakini utotoni mwa Lucinda baba alikuwa bado akifuata kazi popote ilipopatikana, na familia ilihama mji baada ya mji: Mississippi, Georgia, Louisiana, hata Chile na Mexico, kabla ya kutulia Arkansas. Mama alikuwa mpiga piano aliyeteseka na maradhi ya akili. Kwa hiyo majina ya miji yaliyojaa kwenye albamu hii si pambo. Macon, Jackson, Greenville, Lake Charles, Slidell, West Memphis, Vicksburg. Mtoto wa kuhamahama hujifunza ramani kwa huzuni zake, na Lucinda anajua kila huzuni iliachwa mji gani.

Wimbo unaobeba jina la albamu unaanza jikoni, katika nyumba moja Macon. Loretta Lynn yuko redioni, kahawa inanukia, mayai na nyama vinakaangwa. Halafu magurudumu kwenye changarawe. Yeyote aliyekulia kandokando ya barabara ya murram anaijua sauti ile na anajua inavyoanza kusikika kabla gari halijaonekana. Hujui bado kama ni mtu anakuja au ni nyinyi mnaondoka. Katika wimbo, ni wao wanaondoka. Mtoto anaambiwa kuna ndugu wa kutembelewa Jackson. Anaona nguzo za simu na miti ikipita dirishani, anasikia wakubwa wakinong'ona kiti cha mbele habari asizoelezwa. Beti la mwisho linamtaja mtoto wa miaka minne au mitano kiti cha nyuma, vumbi likiwa limechanganyika na machozi usoni. Hakuna anayesema kilichotokea. Hakuna neno hata moja la lawama.

Baba yake aliusikia wimbo huo kwa mara ya kwanza Lucinda akiuimba Bluebird Cafe, ule ukumbi mdogo wa Nashville ambao watunzi hukaa karibu kabisa na wasikilizaji. Ulipokwisha akamfuata na kumwomba radhi. Lucinda amesema hakuwa ametambua, hadi dakika ile, kwamba mtoto wa kiti cha nyuma ni yeye mwenyewe. Alikuwa ameandika alivyoona, akadhani anatunga. Baba, ambaye mikono yake ilikuwa kwenye usukani miaka ile, alimtambua mtoto mara moja.

Kisa hicho nakirudia mbele ya kila anayeniambia kwamba mwanamke huyu alikuwa akichezea muda wa watu. Maneno yalikuwa yamebeba zaidi ya alichokijua mwenyewe, na alikuwa na haki ya kukataa kuyaimba kwa sauti isiyoyafikia.

Drunken Angel ni wa Blaze Foley, mtunzi wa Austin aliyelala popote palipo na sofa, aliyepamba nguo na viatu vyake kwa utepe wa gundi wa mafundi (duct tape), na aliyepigwa risasi akafa Februari 1989. Lucinda alimjua. Angeweza kumlilia tu, na wimbo ungekuwa mzuri wa kawaida. Badala yake amekasirika. Anamuuliza marehemu kwa nini aliacha mambo yafike mbali vile, na huku akimuuliza anakumbuka viatu vyake, gitaa lake, namna mashabiki walivyomng'ang'ania. Kwenye misiba yetu hasira ya namna hiyo huisikii kwenye hotuba. Unaisikia nyuma ya nyumba, kwa wanawake wanaoosha vyombo. Sijasikia waimbaji wengi walioileta mbele ya kipaza sauti.

Lake Charles unahusu mpenzi wake wa zamani aliyekufa kwa maradhi ya ini, na ndani yake kuna jambo dogo ninalolipenda kuliko lolote jingine katika albamu nzima. Wimbo unatuambia waziwazi kwamba mtu huyu alizaliwa Nacogdoches, mashariki mwa Texas, ila alipenda kuwaambia watu kwamba kwao ni Lake Charles. Yaani aliuazima mji wa mpenzi wake. Lucinda hamwumbui kwa uongo huo. Anampa mji. Anamwimbia mazishi kana kwamba kweli ni wa pale, na gitaa la kuteleza linamsindikiza taratibu bila kudai chochote.

Zipo zinazonigusa kidogo. I Lost It aliwahi kuirekodi mwaka 1980 na sioni kama ilihitaji kurudi. Joy ni hasira ya mtu anayekwenda West Memphis na Slidell kutafuta furaha yake iliyochukuliwa, mdundo mmoja usiobadilika, na nafahamu watu wanaoiona kuwa kilele. Mimi naona jukwaani ndipo mahali pake. 2 Kool 2 Be 4-gotten ilitokana na picha za Birney Imes za vilabu vya pombe vya Mississippi, na sehemu kubwa ni maandishi ya ukutani yaliyosomwa yalivyo: usifanye hiki, usilete kile. Mara ya kwanza niliiruka. Siku hizi siiruki.

Albamu ilipotoka, wahakiki walikubaliana kwa namna isiyo ya kawaida. Katika kura ya Pazz & Jop ya gazeti la Village Voice, iliyokuwa ikikusanya maoni ya wahakiki mamia kutoka Marekani yote, ilikuwa albamu ya kwanza ya mwaka 1998. Mauzo yakavuka nusu milioni, yakaipa cheti cha dhahabu, kitu ambacho hakuwahi kukikaribia. Lakini redio za kantri hazikuipiga. Huo ulikuwa wakati wa Shania Twain, aliyekuwa chini ya tawi la Nashville la Mercury hiyohiyo, na kantri ya redioni ilikuwa inang'aa na kuruka. Na Grammy? Februari 1999 alipata ya albamu bora ya fokki ya kisasa, huku wimbo Can't Let Go, uliotungwa na Randy Weeks, ukishindanishwa upande wa roki. Fokki huku, roki kule, kantri hakuna. Zile ofisi mbili za miaka ya themanini zilikuwa bado zinarushiana.

Muda umelimaliza suala hilo. Jarida la Rolling Stone lilipopanga upya orodha yake ya albamu 500 bora za wakati wote mwaka 2020, hii ilikuwa ya 98. Mwaka 2003 walikuwa wameiweka nje ya 300 za kwanza. Wasichana wengi wanaoandika nyimbo za kantri zenye majina ya miji na watu waliokufa wanaimba kwenye uwanja alioufyeka yeye. Novemba 2020 alipata kiharusi, na mkono haukurudi kupiga gitaa kama zamani, lakini alirudi jukwaani mwaka uliofuata na 2023 akatoa albamu mpya pamoja na kitabu cha maisha yake.

Kama hujawahi kumsikiliza, ushauri wangu ni usianze na wimbo wa kwanza. Anza na Lake Charles, halafu Drunken Angel, uizoee sauti. Kisha iweke yote tangu mwanzo, kwa spika kama unazo, si kwa simu. Ukifika Jackson, wimbo wa kufunga, fuatilia safari: Lafayette, Baton Rouge, Vicksburg, mpaka Jackson. Kila mji anapoupita anasema akishafika pale hatamkumbuka sana yule aliyemwacha, na kila mji unaofuata inambidi aseme tena. Sikiliza anavyolitamka hilo mara ya mwisho, halafu uniandikie unafikiri kanda za Austin zingetosha.